Siku sita nyuma ya matundu: safari ya kumkumbuka Adolf Seilacher

Jumanne. Stuttgart hadi Tübingen

Nimeshuka treni Tübingen saa kumi na moja jioni, begi mgongoni na daftari langu la zamani mkononi. Daftari hili nimelibeba makusudi. Ukurasa wake mmoja, nilioujaza nikiwa mwanafunzi wa jiolojia wa mwaka wa pili, una mchoro wa ukuta wa mawe mchanga, na chini yake nimeandika: "Hakuna visukuku," yaani hakuna mabaki wala alama za viumbe vya kale ndani ya mwamba. Mhadhiri wetu alilirudisha likiwa na swali moja la wino mwekundu: "Na waliochimba?"

Nilirudi kwenye ukuta ule. Mawe yalikuwa yamejaa vijiti vya wima, vyembamba kama penseli, mamia kwa mamia, nami nilikuwa nimevichukulia kuwa dosari za mwamba. Kumbe ni matundu ya viumbe walioishi katika mchanga ule ulipokuwa bado laini, yakajaa mchanga mwingine, yakaganda pamoja na mwamba. Mhadhiri yule ndiye aliyenipa makala ya kwanza ya Adolf Seilacher, mtaalamu Mjerumani wa visukuku, niisome. Tangu siku hiyo siandiki maneno yale bila kwanza kupiga magoti na kuutazama mwamba kwa karibu.

Seilacher, ambaye wengi walimwita Dolf, alizaliwa Stuttgart tarehe 24 Februari 1925 na kufariki hapa Tübingen tarehe 26 Aprili 2014. Nimechagua wiki hii ya mwisho wa Aprili kwa sababu hiyo. Nitapita katika miamba ya kusini mwa Ujerumani aliyoisoma maisha yake yote, kisha nimalizie kaskazini, baharini, kwenye tope ambalo bado linachimbwa.

Leo sina la ziada. Nimetembea kando ya mto Neckar mpaka giza likaingia, nikalala mapema.

Jumatano. Tübingen

Makumbusho ya paleontolojia ya chuo kikuu yako barabara ya Sigwartstraße. Nilikuja kwa ajili ya matundu, lakini aliyenisimamisha kwanza ni Kentrosaurus, dinosari mwenye miiba mgongoni na mkiani, aliyetoka Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya Tendaguru ilichimbwa na mamia ya vibarua wenyeji, wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini Lindi, ikapakiwa melini kuja Ujerumani. Sehemu kubwa iko Berlin. Huyu akaishia hapa. Sikuweza kumpita haraka. Nilisimama nikiwafikiria waliombeba vipande vipande, kila mtu na mzigo wake, njia nzima hadi pwani.

Na nilipokuwa nimesimama pale ndipo nilipoelewa vizuri kwa nini Seilacher aliipa kazi yake maisha yote. Mfupa husafiri. Hata kabla binadamu hajaukuta, mto unaweza kuuburuta, wimbi likautupa mbali, fisi wa zama zake akauhamisha. Ukiukuta ndani ya mwamba bado hujui kama mwenyewe aliishi hapo au aliletwa akiwa mzoga. Tundu halisafiri. Maji yakilifikia yatalibomoa, hayatalihamisha. Kwa hiyo ukilikuta, hapo ulipoweka kidole ndipo mnyama alipokuwa, akiwa hai, akifanya shughuli zake. Tena mnyama mmoja ana mwili mmoja tu wa kuacha, ila katika uhai wake huacha maelfu ya alama: nyayo, miburuzo, matundu, vinyesi. Visukuku vya aina hii ndivyo vinavyoitwa visukuku vya alama, na elimu yake ni iknolojia.

Seilacher alipata udaktari wake hapa Tübingen mwaka 1951, chini ya Otto Schindewolf. Miaka miwili baadaye, 1953, alichapisha mpango uliobadilisha fani nzima. Kabla yake watu wengi walizipanga alama kama wanavyopanga makombe, kwa umbo, wakitafuta ni mnyama gani aliyeziacha. Yeye aliuliza swali jingine: alikuwa anafanya nini? Kuna alama ya mnyama aliyejilaza, kuna ya aliyekuwa anapita, kuna ya aliyekuwa anakula juu ya tope akienda, kuna ya aliyechimba ndani kutafuta chakula, na kuna tundu la kukaa. Mnyama yuleyule anaweza kuacha zote. Trilobaiti, mnyama wa bahari wa kale mwenye gamba la pingili, akijilaza anaacha alama mbili zilizoungana kama punje ya kahawa. Akitembea huku akilima tope anaacha mfereji wenye mikwaruzo ya miguu pande zote mbili. Majina mawili tofauti, mwenyewe mmoja. Na wanyama wawili wasio na udugu wowote wanaweza kuacha tundu lilelile kwa kuwa wana shida ileile. Huo ndio ufunguo wenyewe. Ukishaushika, mwamba mtupu unaanza kuwa na watu wake.

Nilikaa kwenye benchi nikafungua nakala za michoro yake. Alikuwa akichora mwenyewe, kwa mkono, na kalamu yake haikuwa na haya: mstari mnene pale jambo lilipo, mahali pengine peupe kabisa. Mchoro niupendao zaidi ni wa mburuzo unaojikunja na kurudi, kujikunja na kurudi, mpaka unalifunika jiwe zima kama mkeka. Mfikirie mtu anayelima kwa plau: akifika mwisho wa shamba anageuka, anarudi sambamba na mfereji alioutoka, haukati wala hauachi mbali. Mnyoo wa bahari kuu aliyekula juu ya tope hakuhitaji akili nyingi kufanya hivyo. Katika miaka ya 1920 Rudolf Richter, mtaalamu mwingine Mjerumani wa visukuku, alikuwa ameeleza kwamba kanuni tatu zinatosha: usiukate mburuzo wako mwenyewe, usiende mbali nao, na geuka kila baada ya muda. Mwaka 1969 Seilacher na David Raup waliziingiza kanuni za namna hiyo kwenye kompyuta, na mashine ikachora mikeka inayofanana sana na ile ya kwenye mawe. Wakibadilisha kidogo ukali wa kanuni moja, wanapata umbo jingine linalojulikana. Nilipoisoma mara ya kwanza nilihisi nimemwona mnyama akifikiri, mnyama ambaye hakuacha hata ukucha.

Alhamisi. Holzmaden

Treni hadi Kirchheim unter Teck, kisha basi. Mvua ya rasharasha asubuhi yote.

Watu huja Holzmaden kuangalia miili, na miili ipo kwelikweli. Katika makumbusho ya Hauff kuna ikthiosauri, reptilia wa kale wa baharini wenye umbo la pomboo, ambao hata mipaka ya ngozi yao imebaki kama kivuli cheusi juu ya jiwe, na kuna gogo la mti lililoelea baharini likiwa limebeba kundi kubwa la mayungiyungi ya bahari, ambayo ni wanyama wenye umbo la ua, mabua yao marefu yakining'inia. Ni miamba ya mwanzo wa kipindi cha Jurasi, ya miaka kama milioni 180 iliyopita.

Mimi nilikwenda machimboni, mahali ambapo mgeni anaruhusiwa kupasua mawe. Mwamba ni mweusi, unabanduka kurasa kwa kurasa, na ukipasuka unatoa harufu kama ya mafuta ya taa, kwa kuwa una masalia mengi ya viumbe yasiyooza. Nilipasua kwa saa mbili. Kurasa ni nyoofu, laini, mistari yake myembamba haijavurugwa na chochote. Sikuona tundu hata moja. Kama ningekuwa yule mwanafunzi wa zamani ningeandika kwamba hapa hapana la kusema kuhusu matundu. Lakini kutokuwepo kwake ndiyo habari yenyewe. Sakafu ya bahari hii ilikosa oksijeni. Hakuna aliyeweza kuishi ndani ya tope, kwa hiyo hakuna aliyelichimbua, na mzoga ulioanguka humo haukuguswa. Pale wachimbaji wanapokuwa wengi, tope linageuzwa mfululizo na miili inaharibika. Wanapokosekana, miili inabaki kamili. Seilacher alilifanya jambo hili kuwa somo: mwaka 1970 aliandika juu ya hazina za visukuku, akitofautisha mahali ambapo masalia yamerundikana kwa wingi na mahali ambapo yamehifadhika vizuri kuliko kawaida, na akataka kila mahali paulizwe sababu. 

Halafu, mchana, mchimbaji mmoja mzee aliniita kwa mkono. Alinionyesha kipande cha tabaka ambalo wachimba mawe wa hapa tangu zamani huliita kwa Kijerumani jiwe la mwani. Rangi ya kijivu, na ndani yake vitawi vidogo vya rangi nyepesi, vinagawanyika na kugawanyika tena, kama mwani uliobanwa kitabuni. Karne ya 19 wanasayansi nao waliamini ni mwani, wakavipa majina ya mimea. Mwaka 1881 Msweden Alfred Nathorst, baada ya kuwatazama wanyama hai wakitembea juu ya tope laini, alionyesha kwamba nyingi kati ya "mimea" hiyo ni njia za wanyama. Vitawi vile ni matundu. Jina la Chondrites limebaki, ila leo tunajua ni njia za mnyama mdogo aliyechimba toka juu kwenda chini, akatoa tawi moja, akarudi, akatoa jingine, wala hayagusani.

Nilikishika kipande kile nikakigeuza kwenye mwanga. Kila kitawi kina upana wa uzi mnene. Kwa muda fulani, basi, oksijeni ilirudi kidogo katika bahari ile, ya kumtosha mvumilivu mmoja, kisha ikaondoka tena. Habari hiyo haimo katika ikthiosauri yeyote wa Holzmaden. Imo humu.

Ijumaa. Solnhofen

Mawe ya chokaa ya hapa ni meupe kama siagi, yana miaka kama milioni 150, na ndiyo yaliyompa Alois Senefelder, mwishoni mwa karne ya 18, jiwe la kuchapishia. Nilikodi nyundo na tindo. Unaegemeza tindo kwenye mstari, unagonga taratibu kuzunguka ukingo, unasikia mlio ukibadilika kutoka mkali kuwa mzito, na bamba linafunguka.

Nimepata vitu viwili. Cha kwanza ni mchoro mzuri mweusi kama jani la mkangaga, ambao si kisukuku kabisa: ni madini ya manganizi yaliyopenya kwenye ufa. Cha pili ni uzi wa chokaa uliojikunja ovyo, kama tambi iliyodondoka, saizi ya sarafu. Huitwa Lumbricaria, na waliompa jina hilo karne ya 19 walidhani ni mnyoo. Ni kinyesi. Ndani yake mara nyingi huwa na vipande vya mayungiyungi madogo ya bahari yaliyoliwa. Kwangu hiki ni bora kuliko samaki mzima. Kinakuambia nani alikuwa chakula.

Hapa pia ndipo Seilacher alipoonyesha, mwaka 1963, kwamba si kila alama ni ya mnyama aliye hai. Kwenye mawe haya kuna mistari ya vidoti inayojirudia, iliyowahi kuhesabiwa kuwa nyayo. Ni alama za magamba matupu ya amonaiti, jamaa wa kale wa pweza wenye gamba la kujiviringisha, yaliyosukumwa na maji yakibiringika kama gurudumu lenye meno. Yeye aliyezipenda alama kuliko mtu mwingine yeyote ndiye aliyezipunguza idadi pale ilipostahili.

Jumamosi. Njiani kwenda kaskazini

Siku nzima kwenye treni, na kuchelewa kulikonifanya nikose muunganisho Bremen. Milima imeisha, nchi imekuwa bapa.

Nimeitumia siku kufikiria alivyokosea, maana heshima ya kweli haiogopi hilo. Aliwahi kusema kwamba viumbe vya Ediacara, wale bapa kama godoro la kuvimbishwa walioishi kabla ya kipindi cha Kambria, hawakuwa wanyama hata kidogo bali jaribio jingine la uhai lililokufa. Mwaka 2018 watafiti walikuta masalia ya kolesteroli katika Dickinsonia, mmoja wao maarufu, na kolesteroli ni dalili ya mnyama. Mwaka 1998, yeye na wenzake walitangaza miburuzo ya minyoo katika mawe mchanga ya Chorhat, India, ya zaidi ya miaka bilioni moja. Upimaji uliofuata ulionyesha mawe yale ni ya kale zaidi, kama bilioni 1.6, umri usioendana na jambo lingine lolote tunalojua juu ya wanyama, na wengi hawazikubali alama zile kuwa njia za minyoo. Bado nampenda kwa hayo. Alisema jambo waziwazi kiasi kwamba mwingine angeweza kwenda na kulipima.

Na alipopatia, alipatia kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1955, kutoka Salt Range ya Pakistan, alilipa jina tundu dogo lenye vichipukizi vya upande mmoja, pedum, yaani fimbo ya mchungaji. Ni kazi ya mnyoo aliyesogea chini ya tope, kila hatua akichomoza juu na kurudi. Leo linaitwa Treptichnus pedum. Mwaka 1992, mwaka uleule alipotunukiwa Tuzo ya Crafoord na Chuo cha Sayansi cha Kifalme cha Sweden, wanajiolojia wa dunia waliweka rasmi mwanzo wa Kambria kwenye mwamba wa Fortune Head, Newfoundland, pale tundu hilo linapoanza kuonekana. Miaka kama milioni 539. Mlango wa zama zote za wanyama tunaowajua umewekwa kwenye kazi ya mnyoo asiye na jina, si kwenye gamba wala mfupa.

Lipo na moja ambalo hakulimaliza. Paleodictyon ni wavu wa pembesita, nadhifu kama sega la nyuki, unaokutwa katika miamba ya bahari kuu. Mwaka 1976 Peter Rona, mwanajiolojia wa bahari, aliuona ukiwa mpya kwenye sakafu ya Atlantiki, kina cha kilomita tatu na nusu. Seilacher alishirikiana naye uzeeni, chombo cha kuzamia cha Alvin kikashuka, sampuli zikaletwa juu. Wavu ulikuwepo. Mchimbaji hakukutwa ndani yake, na mpaka leo hakuna aliyemwona.

Jumapili. Wilhelmshaven

Richter alianzisha kituo cha utafiti hapa mwaka 1928, kwa wazo kwamba anayetaka kuelewa tope lililogeuka jiwe lazima aishi karibu na tope lenyewe. Bahari ya pwani hii hupwa na kujaa kwa zaidi ya mita tatu, na ikipwa inaacha uwanda wa tope na mchanga usio na mwisho machoni. Huruhusiwi kwenda mbali peke yako. Tuliondoka na mwongozaji saa moja na nusu asubuhi, watu tisa, upepo wa baridi unaokata masikio.

Kitu cha kwanza unachokiona ni vifundo vya mchanga, kama kamba iliyojiviringisha, kila hatua kimoja au viwili. Karibu na kila kifundo kuna kishimo kama cha kidole. Mwongozaji alichimba kwa uma wa shambani, akageuza bonge zima taratibu, nami nikapiga magoti.

Sentimita chache za juu ni kahawia. Chini yake mchanga ni mweusi ti, wenye harufu ya yai viza, kwa kuwa hauna oksijeni. Na katikati ya weusi huo unashuka mfereji wenye ukuta wa rangi ya kutu, mnene kama kidole changu kidogo, unapinda chini na kupanda tena. Rangi ile ni pumzi. Mnyoo anavuta maji yenye oksijeni ndani ya tundu lake, na chuma kilichomo mchangani kinashika kutu pale maji yanapopita. Mwenyewe alikuwa kwenye kona ya chini, mwekundu-mweusi, mwenye mashada ya matamvua mgongoni, laini kiasi kwamba nilihofia kumgusa. Anameza mchanga unaomshukia kutoka kwenye kishimo, anachambua chakula, anapandisha mkia na kutoa kilichobaki kuwa kifundo. Hana mfupa wala gamba. Akifa leo, kesho hayupo. Ukuta wa kutu unaweza kubaki.

Hatua thelathini mbele, karibu na mkondo wa maji, mchanga ulikuwa mgumu wenye mawimbi, na hapo matundu yalikuwa mirija ya wima iliyojengwa kwa chembe na vipande vya makombe. Ndilo alilolieleza Seilacher mwaka 1967: maji yakiwa na nguvu, chakula kinaelea, na mnyama anachimba shimo la wima la kujificha na kunyoosha mikono juu. Maji yakiwa tulivu, chakula kinatua, na mnyama anageuka kula kwa ulalo. Katika vilindi, chakula kikiwa haba, ndipo inapokuja mikeka ile ya kujikunja na kurudi. Baada yake ilionekana wazi kwamba kina peke yake si kipimo, oksijeni na nguvu ya maji vinahesabika zaidi, na yeye mwenyewe hakuishia pale alipoanzia. Lakini sikuwahi kuliona jambo hili kwa miguu yangu. Hatua thelathini, na tabia nzima imebadilika.

Mirija hii ya wima ndiyo ile. Vijiti vya ukuta wangu wa mwaka wa pili.

Nilifungua daftari la zamani ukurasa ule ule, nikaanza kuchora pembeni yake: mstari mnene kwa ukuta wa tundu, nafasi nyeupe kwa mengine, kama alivyokuwa akifanya. Penseli ilikuwa na tope na karatasi ilishika unyevu. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya chini, pale mnyoo alipojikunja, mwongozaji aliposema kwa sauti kwamba maji yameanza kurudi. Alimrudisha mnyoo mchangani, akalifunika bonge, nasi tukageuka kuelekea nchi kavu.